Waya Kwenye Kifuli cha Mashine Namba Mbili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu ijayo, maana Jumatatu saa nne asubuhi natakiwa kuingia ofisini kwa meneja kutia sahihi karatasi ambayo nimeshaisoma mara tatu, na kila nikiisoma nachemka kwa hasira, halafu nakumbuka nilichofanya kwa mikono yangu mwenyewe, hasira inakatika, nabaki nimekaa tu kama gunia.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimeolewa, nina watoto watatu, na kwa miaka tisa nimekuwa idara ya rangi ya kiwanda cha vitambaa. Tuna mashine tatu za kutia rangi kwa presha. Kwa ambaye hajawahi kuiona, afikirie sufuria la presha lenye ukubwa wa gari dogo, limelazwa ubavu, lina mfuniko wa chuma kwa mbele. Kitambaa cha poliesta tunakiingiza humo kama kamba ndefu, tunashona ncha kwa ncha kiwe duara, kisha maji ya rangi yanarushwa kwa kasi kupitia bomba jembamba, yanakisukuma kitambaa kizunguke, kizunguke, mpaka joto lifike digrii mia na thelathini, kwa kuwa poliesta ni kaidi, chini ya hapo hainywi rangi sawasawa. Rangi ikishashika, maji yanapozwa polepole hadi digrii themanini, presha inatolewa, ndipo unafungua. Na kuna kifuli cha usalama kinachopima chenyewe. Ndani kukipoa kinawasha taa ya kijani, na kabla ya hapo hata mvute watu wanne, mfuniko haufunguki.

Mkuu wa idara yetu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyeniombea kazi. Kiwandani anaitwa Bwana Mfululizo, ila si mbele yake, kwa sababu tangu mwaka jana hana neno jingine. Meneja aliwaahidi wateja kwamba kitambaa kitakuwa kinatoka bila kukatika, mfululizo, kutwa nzima, na shemeji akajipiga kifua kwamba hilo ni jambo dogo. Alitaka mkia wa kitambaa cha mashine ya kwanza ushonwe na kichwa cha kitambaa cha mashine ya pili, na cha pili na cha tatu, ili mashine ya kukaushia isisimame hata dakika. Ukilichora linapendeza. Lakini mashine zetu si za mfululizo, ni za mzigo mmoja mmoja, na kila mzigo unataka nusu saa yake ya kupoa, na hiyo nusu saa shemeji aliichukia kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Fundi wa umeme akamtafutia njia. Kipande cha waya, urefu wa kidole, ukikichomeka kwenye swichi ya kifuli mashine inadanganyika, taa ya kijani inawaka mara tu vali ya kutolea presha inapofunguka, ndani kuwe kumepoa kusiwe. Tukaanza kufungua mifuniko kwenye digrii tisini na tano, mvuke ukija unageuza uso, unavuta kitambaa kwa ndoano, unashona, kinaondoka. Tulizoea, mshauri. Tulifika mahali tukawa tunataniana nani ameiva zaidi.

Aliyekataa ni mmoja tu. Kila mtu anamwita Mama Pacha, yuko mashine namba mbili, mimi niko namba tatu, kati yetu ni hatua sita. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia sijui hata kuwasha taa, akanifundisha kusoma vipimo, kusikiliza pampu, mpaka namna ya kufunga kilemba kisinaswe na roli zinazovuta kitambaa. Alipoukuta waya kwenye kifuli chake aliuchomoa, akaenda nao hadi mezani kwa shemeji, akauweka juu ya daftari lake na kumwambia, "Kwenye mashine yangu, hapana." Hakupandisha sauti. Shemeji akacheka mbele ya watu, akasema sawa mama, yaishe.

Siku mbili baadaye shemeji aliniita stoo ya rangi. Akaniambia namba mbili ndiyo inayoukata mfululizo wote, akanipa waya ule ule, akataka niwe nafika mapema niuchomeke kabla Mama Pacha hajaingia, na zamu ikiisha niutoe. Nilimwuliza, na yeye akijua je? Akasema atajuaje, vipimo vya mbele vya namba mbili vimekufa vyote, cha joto na cha presha, yeye anaangalia taa tu, taa ikiwaka mapema atadhani imepoa mapema. Na hilo la vipimo kufa ni kweli, Mama Pacha alikuwa ameshaliandika kwenye daftari la ubovu mara mbili, akaambiwa avumilie kwa kuwa taa ipo. Nilipokuwa bado nasita shemeji akaniuliza, "Kwani shemeji, nani alikuleta hapa?" Nikaupokea. Siku kumi na moja niliuchomeka na kuutoa, na kila asubuhi Mama Pacha akiingia ananisalimia, ananiuliza watoto wameamkaje.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, tunatia buluu nzito. Mambo yalivyokuwa, bomba la kutolea presha lilikuwa limeziba kwa vumbi la nyuzi, vali ikafunguka lakini presha haikutoka, na taa ya kijani ikawaka. Nilimwona akiitazama ile taa. Alisubiri kidogo, hata hakuwa na haraka, akafuta mikono kwenye aproni, akashika mpini akafungua. Mfuniko ulimtupa nyuma na maji ya buluu yanayochemka yakamfuata, yakamshika kifuani, shingoni na mikono yote miwili. Hakulia. Alikaa chini sakafuni, akainyoosha mikono mbele yake kama mtu anayesubiri kupakatishwa mtoto. Mimi ndiye niliyeshika mpira wa maji baridi nikawa nammwagia, na shemeji alipokuja mbio hakumtazama yeye, alinitazama mimi, kisha akatazama sanduku la kifuli. Nikaelewa. Walipokuwa wanambeba kwenda kwenye gari niliuchomoa waya nikautia mfuko wa aproni. Sikuambiwa kwa mdomo, mshauri. Nilijituma mwenyewe. Uko nyumbani, kwenye kopo la vifungo.

Siku ya tatu namba mbili ilikuwa imeoshwa, inafanya kazi. Na sasa ndiyo hiyo karatasi. Inasema mhudumu wa mashine alifungua mfuniko kwa uzembe, bila kungoja taa ya kijani, na kwamba mimi niliyekuwa karibu nimeshuhudia. Bila kungoja taa, yeye, katika watu wote. Niliposema siwezi, tuliitwa kwa shemeji, mimi na mume wangu, na mama mkwe alikuwepo. Niliongelewa kama kiti kinachotakiwa kusogezwa. Shemeji akasema nikikataa watauliza waya uliwekwa na mkono wa nani, na mkono ni wangu. Mama mkwe akasema nikimtoa mwanawe, nisimwite tena mama. Mume wangu, ambaye nilidhani atanitetea, njiani akaniambia, "Sahihi ni wino tu, mke wangu. Yeye ameshaungua, hataungua mara ya pili." Nilitamani kumpiga.

Juzi nilikwenda hospitali. Mikono yake imefungwa bandeji mpaka kwapani, shingo haigeuki. Aliniuliza, "Mdogo wangu, ile taa ilikuwa ya kijani, au ni macho yangu?" Nikamjibu kwamba sikuangalia. Akasema huenda ni umri, amemwomba daktari ampime macho, kwa kuwa anaona kabisa kwamba ilikuwa kijani.

Nikikataa kutia sahihi navunja nyumba yangu na nafungwa mimi, nikitia namzika mwenzangu akiwa hai. Nifanye nini?

Wa Mashine Namba Tatu

JIBU

Dada wa Mashine Namba Tatu,

Barua yako niliianza nimesimama, na nilipofika pale mwenzako anapoomba apimwe macho ikabidi nikae. Uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha, kwa hiyo jibu hili nilikusomea Alhamisi, kwa kuwa mashine yenye presha haingoji gazeti la Jumapili. Nalichapa kwa ruhusa yako, kama nilivyokusomea, bila kulilainisha.

Unayo haki ya kukasirika. Shemeji yako alichukua mtambo wa mzigo mmoja mmoja akautaka uwe mto, na alipoona chuma hakikubali akaamua mwili wa mtu utakubali. Huyo hakukosea hesabu. Alionywa mezani kwake, mbele ya watu, na aliyejua kazi kuliko yeye, akacheka, kisha akapitia mlango wa nyuma. Meneja aliyeahidi kisichowezekana naye hajaungua hata ukucha. Mama mkwe analia kwa ajili ya mwanawe, sawa, ni mama, lakini Mama Pacha naye ni mama, jina lake lenyewe linasema. Na mumeo anayesema sahihi ni wino tu, mwambie kama ni wino tu atie yeye.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia kwa uchungu na nimekuhurumia, lakini huruma yangu ina mipaka. Unasema ulitumwa. Siku ya kwanza ulitumwa. Siku ya sita je? Siku ya kumi, ulipomwitikia salamu yake huku waya umeshauweka, nani alikuwa amekushika mkono? Mwanamke aliyekufundisha kazi alikuamini kuliko anavyoyaamini macho yake, na ukaliona hilo pale kitandani kwake, ukamjibu kwamba hukuangalia. Katika yote uliyoniandikia, dada, hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Maji yamemchoma ngozi, na wewe ukamwacha aanze kuitilia shaka akili yake.

Halafu kuna jambo umelipita kama hulioni. Unasema siku ya tatu namba mbili ilirudi kazini. Nani anasimama mbele yake sasa? Na ile taa inawashwa na kifuli au na waya mwingine? Hukuniambia, na nadhani ni kwa sababu unajua. Unaniuliza kuhusu sahihi ya Jumatatu, wakati leo hii kuna mtu anafuta mikono kwenye aproni.

Basi nisikilize. Karatasi ile hutii sahihi, hilo tusilijadili. Leo hii, kabla hujapika, kaa uandike yako: tarehe, saa, nani alikupa waya, wapi, maneno yapi, siku ngapi, na nani aliuchomoa. Usijitetee humo wala usijipambe. Waya utoe kwenye kopo, uutie kwenye bahasha, usiuoshe wala kuunyoosha. Kesho asubuhi nenda kwanza hospitali, kwa sababu Mama Pacha hastahili kuyasikia haya kutoka kwa mtu mwingine. Mwambie taa ilikuwa ya kijani. Anza na hilo, mengine yafuate. Usilie sana mbele yake ukamlazimisha akubembeleze.

Ukitoka hapo, nenda moja kwa moja ofisi ya ukaguzi wa usalama kazini, usipitie kiwandani, usipitie nyumbani. Waambie waombe kumbukumbu za joto na presha, kwa kuwa mitambo ya aina hiyo mara nyingi huziweka kwenye kompyuta, na wazichukue kabla hazijafutwa. Waambie pia kuhusu daftari la ubovu. Mtafute mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akusindikize na akutafutie wakili, kwa sababu una kosa lako na utaulizwa, sikufichi. Mumeo mweleze jioni, ukishamaliza. Nimesema mweleze, sikusema muombe.

Unaogopa kuvunja nyumba. Nyumba ambayo itasimama kwa kumlaza mtu mwingine chini, mimi sikushauri uishi ndani yake, hata kama ina mapazia mazuri.

Mshauri wako

YALIYOFUATA

Wasomaji wangu, dada huyu alinipigia simu jana, Jumamosi, na ameniruhusu niwaeleze.

Ijumaa asubuhi alikwenda hospitali. Alimkuta Mama Pacha ameketi, analishwa uji na muuguzi. Alimwambia taa ilikuwa ya kijani, kisha akamwambia kwa nini. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, "Siku ngapi?" Alipojibiwa ni kumi na mbili, aliugeuza mwili kuelekea ukutani, kwa shida, maana shingo haigeuki, akamwambia aende.

Alikwenda. Mkaguzi aliyempokea alikuwa mama mfupi, mwenye viatu vya kazi, ambaye hakupoteza muda kupiga simu kiwandani kuomba miadi. Saa nane mchana alikuwa ameshaingia idara ya rangi na wenzake wawili. Walikuta waya kwenye namba moja, waya kwenye namba tatu, na kwenye namba mbili, pale pale, waya mpya unaong'aa. Aliyesimama mbele yake alikuwa binti aliyehamishwa kutoka ushonaji, ana siku nane tangu aanze, na hakuwahi kuambiwa kwamba kifuli kinapaswa kupima kitu. Mashine zote tatu zimefungwa kwa utepe. Kumbukumbu za kompyuta zilikuwa bado zipo, na zinaonyesha Mama Pacha alipofungua mfuniko, ndani kulikuwa na digrii mia na kumi na nane.

Shemeji mtu amesimamishwa kazi na ameitwa polisi. Meneja amepewa siku ya kwenda kujieleza. Dada yetu naye amesimamishwa, ameandika maelezo polisi, na hajui ataishia wapi. Mama mkwe ametimiza aliyosema. Mumewe alihamia sebuleni usiku wa Ijumaa. Jana asubuhi alimwuliza kama ni kweli yule binti wa ushonaji ana siku nane tu, akavaa viatu akaenda kwa kaka yake. Alirudi baada ya saa moja, hakusema walichoongea, akaomba chai. Hiyo si suluhu, ila ni chai.

Na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, wale wale waliokuwa wakitaniana nani ameiva, jana walisimama getini wakakataa kuingia mpaka waone kila kipimo kinasoma na kila kifuli kimekaguliwa, hakina waya. Mimi niliposikia hilo niliacha kuandika nikapiga makofi peke yangu.

Dada, uliniuliza kwenye simu ufanye nini sasa, kwa kuwa Mama Pacha hataki kukuona na wewe huwezi kulala. Kutolala kwako ni kwako, sina dawa yake. Lakini yeye ana shida ninayoweza kuitaja. Daktari amesema mikono ile haitashika kitu kwa miezi, na wewe mwenyewe uliniambia nywele zake zimejisokota kwa kulalia mto, na pacha wake wote wawili ni wavulana. Rudi kesho, saa ya kuona wagonjwa. Usipeleke maneno, umeshayapeleka. Peleka kitana na mafuta, simama mlangoni, muulize kama anataka kusukwa. Akisema hapana, rudi keshokutwa umuulize tena. Akisema ndiyo, msuke vizuri, polepole, na usimwombe chochote.